Maharage ya Kigoma: mfuko mmoja wa mbolea hulipwa na kilo ngapi?

Mfanyabiashara anayenunua maharage katika soko la Mwanga mjini Kigoma, au anayesimamia upakiaji wa magunia kwenye boti katika mwalo wa Kibirizi, huangalia mambo matatu: rangi, ukavu na bei. Lipo jambo la nne, nalo ndilo linaloamua kama mzigo utakuwepo msimu ujao au hautakuwepo. Jambo hilo halionekani sokoni kwa sababu liko juu milimani, kwenye udongo wa Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko, ambako maharage mengi yanayouzwa mjini Kigoma na Ujiji hutoka.

Udongo huo umekuwa ukitoa maharage mwaka baada ya mwaka na kurudishiwa kidogo sana. Mkulima akitaka kuurudishia hukutana na bei ya mbolea. Mwenye mtaji wa mjini, ambaye mara nyingi ndiye humkopesha, hujiuliza kama fedha yake itarudi. Majibu yanayotolewa vijiweni ni mawili, na yote mawili yana kasoro. Wa kwanza husema maharage hayahitaji mbolea kwa kuwa yanajitengenezea yenyewe. Wa pili husema weka mbolea yoyote, mavuno yatapanda. Wafanyabiashara waliofuata jibu moja kati ya hayo bila kupiga hesabu wamejikuta na mzigo pungufu au na deni lisilolipika.

MZIGO UNATOKA WAPI

Ziwa Tanganyika liko karibu mita 773 juu ya usawa wa bahari. Ukanda wa pwani yake ni mwembamba, una joto, na vilima vyake ni vikali. Hapo Ujiji na vijiji jirani hustawi michikichi na muhogo, na bonde la mto Luiche hutoa mpunga. Maharage hupenda ubaridi. Joto la mchana likivuka nyuzi 30 wakati wa kuchanua, maua hupukutika na mavuno hupungua hata kama udongo ni mzuri. Kwa sababu hiyo pwani ni mahali pa kuuzia zaidi kuliko kuzalishia.

Uzalishaji uko nyanda za juu za Buha, ambako mvua ni ya kutosha na joto ni la wastani. Huko maharage hupandwa mara mbili: mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka, na tena Februari hadi Machi. Mengi huchanganywa na mahindi, migomba au muhogo, na upande wa Manyovu pia hukutwa karibu na kahawa. Mavuno ya msimu wa pili, ambayo huingia sokoni kuanzia Mei, ndiyo yanayokauka vizuri zaidi kwa kuwa hukutana na kiangazi.

Kutoka milimani mzigo hushuka kwa lori hadi mjini. Sehemu huliwa na mji wenyewe, sehemu husafiri kwenda Tabora, Dar es Salaam na kwingineko kwa barabara na kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, na sehemu huvuka kwenda Burundi na Kongo. Burundi ni miongoni mwa nchi ambazo wananchi wake hula maharage mengi zaidi duniani kwa kila mtu, kwa hiyo mahitaji ya ng'ambo hayana mashaka. Mashaka yako upande wa ugavi.

Idadi ya walaji nayo imekua. Sensa ya mwaka 2012 iliupa mkoa wa Kigoma watu wapatao milioni 2.1. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu karibu milioni 2.5. Ardhi ya kupumzisha imepungua kwa kadiri hiyo hiyo. Zamani shamba lililochoka liliachwa likaota nyasi na vichaka kwa miaka kadhaa. Baada ya Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, iliyokusanya watu katika vijiji vikubwa kando ya barabara, mashamba ya karibu na nyumba yalianza kulimwa kila mwaka. Leo hii mapumziko ya shamba ni anasa ya wachache.

LORI LA TANI 10 LIMEBEBA NINI

Punje za maharage zina protini ya asilimia 20 hadi 25, na protini hiyo imejengwa kwa naitrojeni. Tani moja ya maharage makavu huwa na naitrojeni kilo 35 hadi 40, fosforasi kilo 4 hadi 5, na potasiamu kilo 14 au 15.

Sasa chukua lori moja la tani 10 linaloshuka kutoka Kasulu. Ndani ya magunia yake 100 kuna naitrojeni kilo 350 hadi 400, potasiamu zaidi ya kilo 140, na fosforasi kama kilo 45. Sehemu ya naitrojeni ilitoka hewani, kwa hiyo si hasara yote. Lakini fosforasi yote ilichimbwa na mizizi kutoka kwenye udongo, na hewa haina ya kurudisha. Kuirudisha fosforasi ya lori hilo moja kunahitaji mifuko minne na nusu ya DAP ya kilo 50. Hiyo ni gharama ambayo haimo katika bei ya gunia, na mnunuzi haioni. Hulipwa na shamba polepole, mpaka siku mavuno yanapokataa kupanda hata mvua ikiwa nzuri.

Hasara huongezeka kwa namna maharage yanavyovunwa. Mmea mzima hung'olewa, ukabebwa hadi nyumbani, ukaanikwa na kupurwa uani. Maganda na mabua hubaki huko, mara nyingi huchomwa au kutupwa kwenye migomba iliyo karibu na nyumba. Potasiamu nyingi iko katika mabaki hayo. Ndiyo maana migomba ya uani hunawiri huku shamba la mbali likidhoofu. Kuyarudisha mabaki shambani hakugharimu fedha, bali hugharimu kazi ya kubeba tu.

MAHARAGE HULA NINI

Ni kweli kwamba maharage hujitengenezea sehemu ya naitrojeni. Katika mizizi yake huota vinundu vyenye bakteria wanaoichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Hata hivyo, kati ya mazao ya jamii ya kunde, maharage ni dhaifu katika kazi hii. Soya na kunde huyazidi. Katika mashamba ya kawaida ya wakulima, naitrojeni inayotoka hewani mara nyingi haifiki nusu ya mahitaji ya mmea. Iliyobaki lazima itoke kwenye udongo, samadi au mbolea.

Tena vinundu havianzi kazi siku mbegu inapoota. Huchukua kama wiki mbili hadi tatu. Katika kipindi hicho mche huishi kwa akiba ya mbegu na kwa kile kilichomo udongoni. Udongo ukiwa mtupu, mche hugeuka manjano na kudumaa, na zao linalokomaa kwa siku 75 hadi 95 halina muda wa kufidia wiki tatu zilizopotea. Hapo ndipo naitrojeni kidogo ya kupandia hufaa.

Ikizidi, huharibu. Mmea unaopata naitrojeni nyingi ya dukani hauoni sababu ya kulisha bakteria. Vinundu hupungua, majani huwa mengi na mabichi, upepo haupiti kati ya mistari, magonjwa ya majani hushika, na maganda huwa machache. Shamba la namna hiyo humdanganya mwenye mtaji anayepita barabarani: anaona kijani kibichi na kuhesabu magunia ambayo hayatakuja.

Fosforasi ndiyo mara nyingi hubana mavuno katika udongo wa namna ya Buha. Bila fosforasi mizizi haiendi mbali, vinundu havipati nguvu ya kufanya kazi, maua hudondoka na punje hazijai. Kwa hiyo upungufu wa fosforasi huleta njaa mbili kwa mpigo, kwa kuwa vinundu dhaifu haviwezi kuleta naitrojeni pia. Mkulima aliyeweka Urea peke yake kwenye maharage ametibu dalili tu.

Njia ya kuchunguza ni rahisi na haina gharama. Maharage yanapokaribia kuchanua, mimea michache huchimbwa kwa jembe, si kung'olewa kwa mkono, na udongo huoshwa taratibu. Vinundu vikubwa ambavyo ndani yake ni vyekundu au rangi ya waridi vinafanya kazi. Vikiwa vyeupe au vya kijani ndani, au visipokuwepo kabisa, shamba lina tatizo ambalo Urea haitaliondoa.

TINDIKALI: MDAIWA ASIYEONEKANA

Mvua nyingi za nyanda za juu zimeosha madini ya chokaa kutoka kwenye udongo kwa miaka mingi. Udongo uliobaki ni mwekundu na wenye tindikali. Kipimo chake cha pH kikishuka chini ya 5.5, na hasa chini ya 5, mambo mawili hutokea. Kwanza, aluminiamu iliyomo udongoni huyeyuka na kuiunguza ncha ya mizizi. Pili, madini ya chuma na aluminiamu huikamata fosforasi na kuishikilia, ikiwemo ile iliyonunuliwa kwa fedha taslimu. Mkulima ameweka mfuko mzima, lakini mmea umepata sehemu ndogo tu.

Dawa ya tindikali ni chokaa ya kilimo. Shida yake ni uzito. Hekta moja huhitaji tani moja au mbili, na nauli ya kupeleka tani hizo kijijini inaweza kuizidi bei ya chokaa yenyewe. Majivu ya jikoni husaidia kwenye bustani na vipande vidogo, lakini hayatoshi kwa ekari nyingi. Samadi na mboji hupunguza makali ya aluminiamu na kuachia fosforasi taratibu. Hizo ndizo njia zilizo karibu na mkulima wa kawaida.

Mwenye mtaji afahamu pia kuwa mbolea zenye amonia, kama DAP na Urea, huongeza tindikali kidogo kidogo zikitumika miaka mingi bila chokaa au samadi. Mfuko unaolipa vizuri mwaka wa kwanza unaweza kulipa kidogo mwaka wa kumi katika shamba lile lile.

MFUKO UPI

Mfuko wa DAP wa kilo 50 una naitrojeni kilo 9 na fosfati kilo 23. Mfuko mmoja kwa ekari unakaribia sana kiwango kinachofaa maharage: naitrojeni kidogo ya kuanzia na fosfati ya kutosha. TSP ina fosfati kilo 23 pia, lakini haina naitrojeni. Inafaa zaidi pale samadi ilipotumika. Urea ina naitrojeni kilo 23 kwa mfuko na haina fosfati hata chembe. CAN ina kama kilo 13. Hizi mbili ni za mahindi zaidi kuliko maharage.

Ipo mbolea ya fosfati ya Minjingu, inayochimbwa wilayani Babati, mkoani Manyara. Jiwe lake la fosfati huyeyuka polepole, na huyeyuka vizuri zaidi katika udongo wenye tindikali. Kwa hiyo udongo uleule unaoifunga fosforasi ya DAP ndio unaoifungua ya Minjingu. Lakini zao la siku 80 halina subira. Anayeitumia ikiwa ya unga bila kuchanganywa na kitu kingine afadhali aiweke kwenye mahindi ya msimu wa kwanza, maharage ya Februari yale mabaki yake. Zile aina zilizoongezewa naitrojeni na virutubisho vingine kiwandani hutoa matokeo mapema zaidi.

Miaka ya karibuni pia umejengwa mtambo wa Itracom, kampuni yenye asili ya Burundi, huko Nala mkoani Dodoma. Hutengeneza mbolea inayochanganya mboji na madini, iitwayo FOMI. Kwa udongo uliochoka, mboji iliyomo ni faida. Mnunuzi asome namba zilizoandikwa kwenye mfuko na kulinganisha bei kwa kilo ya fosfati, badala ya kulinganisha bei ya mfuko kwa mfuko.

Namna ya kuweka mbolea ni muhimu kama aina yenyewe. Fosforasi haitembei udongoni. Ikimwagwa juu hubaki juu, mbali na mizizi. Inapaswa kuwekwa kwenye mstari, chini kidogo ya mbegu, na kutenganishwa nayo kwa udongo, kwa kuwa DAP inayogusa mbegu huiunguza. Mistari ikiwa sentimita 50 kwa 50, mfuko mmoja kwa ekari ni sawa na gramu 6 hivi kwa kila mita ya mstari. Kizibo kimoja cha soda kilichojaa hutosha karibu mita moja.

HESABU YA MFUKO

Wastani wa mavuno ya maharage nchini ni kama tani moja kwa hekta, na mara nyingi chini ya hapo. Hiyo ni kama kilo 400 kwa ekari. Mbegu bora zilizotolewa na watafiti wa Selian, Uyole na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kama Jesca, Lyamungu 90 au Uyole Njano, zinaweza kutoa mara mbili au zaidi ya hapo zikitunzwa. Pengo hilo ndilo biashara inayozungumzwa.

Mfano ufuatao ni wa kupigia hesabu, kila mtu abadilishe namba kulingana na bei ya siku. Mfuko wa DAP ukinunuliwa kwa Sh. 70,000, na nauli pamoja na kibarua cha kuweka vikafika Sh. 20,000, gharama ni Sh. 90,000 kwa ekari. Kilo za ziada zinazohitajika ili kurudisha fedha hiyo ni hizi:

Maharage yakiuzwa Sh. 1,200 kwa kilo: kilo 75.
Yakiuzwa Sh. 1,800: kilo 50.
Yakiuzwa Sh. 2,400: kilo 37 na nusu.

Mfuko ukinunuliwa bila ruzuku kwa Sh. 131,000, gharama hufika Sh. 151,000, na hesabu hubadilika:

Kwa Sh. 1,200: kilo 126.
Kwa Sh. 1,800: kilo 84.
Kwa Sh. 2,400: kilo 63.

Kurudisha fedha peke yake hakutoshi, kwa sababu mvua inaweza kukatika na bei ikaanguka. Wataalamu wa kilimo hutumia kanuni kwamba mkulima mdogo anapaswa kutarajia angalau shilingi mbili kwa kila shilingi moja ya mbolea. Basi namba zote hapo juu zizidishwe mara mbili. Kwa mbolea ya ruzuku na bei ya Sh. 1,200, ekari lazima iongeze kilo 150. Kwa mbolea isiyo na ruzuku na bei hiyo hiyo, lazima iongeze kilo 252, yaani zaidi ya nusu ya mavuno ya kawaida. Hilo ni dau kubwa.

Hesabu hii inaonyesha pia kwamba wakati wa kuuza una uzito sawa na mbolea. Mkulima anayelazimika kuuza wiki ya mavuno, bei ikiwa chini, anahitaji kilo nyingi mara mbili kuliko anayeuza bei ikiwa mara mbili. Anayemkopesha mbolea kisha akamlazimisha kuuza uani siku ya kupura amemnyang'anya faida ya mbolea hiyo hiyo, na msimu ujao hatapata mkopaji.

RUZUKU IMEKUJA NA KUONDOKA

Wafanyabiashara wa zamani wanakumbuka kuwa bei ya mbolea haijatulia. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilichoanza mwaka 1972 kilifungwa mwaka 1991. Ruzuku iliondolewa hatua kwa hatua mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mikoa ya mbali kama Kigoma, iliyo zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka bandari ya Dar es Salaam, ndiyo iliyobeba nauli nzima. Mpango wa vocha ulioanza mwaka 2008 ulilenga mahindi na mpunga, na maharage yakabaki pembeni.

Vita vya Ukraine vya mwaka 2022 vilipandisha bei ya mbolea duniani. Tarehe 8 Agosti 2022, katika kilele cha Nane Nane mjini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango mpya wa ruzuku. Mfuko wa DAP uliokuwa kama Sh. 131,000 uliwekewa bei ya Sh. 70,000 kwa mkulima aliyesajiliwa. Urea nayo ilishushwa kutoka kama Sh. 124,000 hadi Sh. 70,000. Msimamizi ni Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA.

Fundisho kwa mwenye mtaji ni kwamba hesabu isijengwe juu ya bei moja. Zao linalolipa kwa ruzuku tu litakufa siku ruzuku itakapopunguzwa. Ndiyo maana samadi, mboji na kurudisha mabaki shambani si kazi ya maskini asiyeweza kununua mfuko. Huongeza kilo zinazopatikana kwa kila mfuko, na hivyo kumlinda mkulima bei ikibadilika.

MBOLEA NA UBORA WA PUNJE

Mnunuzi wa jumla hulipa kwa rangi, ukubwa na usawa wa punje. Mmea uliopata fosforasi ya kutosha huchanua kwa pamoja na kukomaa kwa pamoja. Punje zake hujaa, na zilizosinyaa huwa chache. Mmea wenye njaa hukomaa ovyo, baadhi ya maganda yakikauka wakati mengine bado mabichi, na mkulima huchanganya yote. Hapo mnunuzi hupata gunia lenye unyevu usio sawa, ambalo huota ukungu katika ghala la pwani lenye joto.

Mmea ulioshiba pia huvumilia zaidi inzi wa maharage na kuoza kwa mizizi, maradhi mawili ambayo hushika sana katika udongo uliochoka. Lakini mbolea haiondoi kosa la ghala. Maharage yaliyokaa miezi mingi mahali penye joto na unyevu, kama ilivyo karibu na ziwa, huwa magumu kuiva hata yakitoka shamba bora. Kwa akiba ya miezi mingi, ghala la milimani ni salama kuliko la Ujiji.

Mahitaji yenyewe hubadilika na ziwa. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi hiyo ndiyo maharage ya msimu wa pili huingia sokoni. Dagaa na migebuka vinapoadimika, sufuria nyingi hurudi kwenye maharage. Mwenye mzigo uliokauka vizuri mwezi Juni wa mwaka kama huo ana mteja mlangoni.

PALE MBOLEA ISIPOLIPA

Si kila shamba huitikia. Utafiti wa mradi wa N2Africa, ulioanza mwaka 2009 na kufanya kazi katika nchi kadhaa zikiwemo Tanzania, Rwanda na Kongo, ulionyesha kuwa mbolea ile ile huongeza mavuno sana katika shamba moja na kidogo sana katika shamba la jirani. Huko Kivu ya Kusini, ng'ambo ya kaskazini ya ziwa, watafiti wamekutana na mashamba yaliyochoka kiasi kwamba mbolea ya dukani peke yake haiyaamshi. Tindikali imezidi, mboji imeisha, au kirutubisho kingine kinakosekana. Mashamba hayo hudai samadi kwanza, na DAP baadaye.

Kwa mkopeshaji, hilo ni onyo dhidi ya kugawa mifuko 50 kwa wakulima 50 bila kujua mashamba yao. Hatari nyingine ni kwamba mkulima aliyepewa DAP ya maharage anaweza kuiweka kwenye mahindi, ambayo huonyesha rangi upesi. Hajaiba, kwa kuwa familia lazima ile ugali. Lakini hesabu ya mkopo ilikuwa ya maharage.

KWA MWENYE MTAJI MDOGO

Njia yenye hasara ndogo ni kuanza na robo ekari. Sehemu moja iwekewe mbolea, sehemu ya jirani yake isiwekewe, mbegu iwe moja, siku ya kupanda iwe moja. Mavuno ya kila upande yapimwe kwa mizani, wala si kwa debe lililojazwa kichwa. Kama tofauti, ikigeuzwa kuwa ya ekari nzima, haifiki kilo zilizotajwa hapo juu, shamba hilo linahitaji samadi au chokaa kabla ya mfuko. Ikizidi, fedha inaweza kuongezwa msimu unaofuata.

Vipimo vya udongo ni rahisi kuliko mfuko uliopotea, na kikundi cha wakulima kinaweza kuchangia. Mbolea inunuliwe kwa wakala aliyesajiliwa, mfuko ukiwa umeshonwa na kiwanda, na risiti itunzwe. Mbolea ya kupimiwa kwenye kopo sokoni ni vigumu kuithibitisha.

Mradi wa kilimo uliogharimiwa na Ubelgiji kupitia shirika la Enabel uliyachagua maharage na muhogo kuwa mazao yake mawili makuu mkoani Kigoma. Uchaguzi huo ulitokana na soko kuwepo tayari, na soko hilo lingali linaonekana kila asubuhi huko Kibirizi magunia yanapopakiwa.

Kwa maharage ya Februari, uamuzi wa mbolea hufanywa Januari. Anayengoja mvua zichanganye ndipo atafute mfuko hukuta lori limekwama barabarani au bei imepanda, na mbolea ya kupandia haina kazi baada ya maharage kuota. Mwenye nia ya kuingia msimu ujao aanze na mkulima mmoja, robo ekari moja na mizani moja.